Jina Lililozidi Nafasi

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa fundi wa redio Makadara. Shemeji, mume wa dada yangu, aliniletea simu yake ya mkononi. Kwenye orodha ya namba alikuwa amemwandika mama yetu kwa heshima zote, ukoo mpaka kijiji. Herufi zilizozidi nafasi ya jina zilimwagikia namba ya siri iliyohifadhiwa kando yake na kuifuta, simu ikawa inafunguka bila kuuliza. Nikamwambia alifupishe jina.

"Mkwe hafupishwi," akanijibu kwa ukali.

Kwa hasira nikairudishia namba ya siri, kisha nikaitumia ujumbe mrefu kutoka simu ya mteja. Ikafunguka vilevile. Nikang'amua: mtu yeyote, popote alipo, angeweza kuingia humo kwa ujumbe tu na kutusikiliza. Nilipomweleza shemeji, alicheka.

Tangu hapo akinipigia kwa simu hiyo dukani kwangu, hata salamu nilizijibu kwa kunong'ona.