Leo nilikaribia kumtupia dereva wangu kosa langu la bima

Jamani, leo nilibakiza sentensi moja tu nidanganye polisi. Aliyenizuia ni baba yangu mzazi.

Asubuhi Yohana, dereva anayesambaza chakula cha mgahawa wangu, amemgonga mama mmoja pale Mandewa. Pikipiki ni yangu. Mama wa watu amevunjika mguu.

Nikampigia mtu wa bima. Akasema hawalipi, kwa sababu nilikata bima ya matumizi binafsi, si ya biashara.

Nje ya kituo cha polisi nikamnong'oneza baba, aliyenisindikiza, "Nitasema Yohana aliichukua bila ruhusa."

Baba (mnamjua, si mtu wa maneno) akanivuta kando. Kisha akasema:

"Enzi za Ujamaa niliendesha gari la mikate la tajiri mmoja hapa mjini. Siku moja, nikipeleka mikate Ilongero, nikagonga mtu. Karatasi za bima zilisema gari ni la familia, kwa hiyo hawakulipa. Tajiri akaapa mbele ya polisi kwamba nimeliiba. Nikafungwa."

Weee!

Miaka yote mama alituambia kwamba kipindi kile baba alihamia kijiji cha Ujamaa kulima!

Nikaingia ndani. Nikasema, "Afande, mimi ndiye niliyemtuma."

Matibabu yote sasa ni juu yangu. Yohana amenishika mkono akilia, ananiita dada mwema, na mimi nimeshindwa kumtazama usoni.

Semeni ukweli, nyinyi mngefanyaje?