Maua ya Pembeni

"Huyo na diploma yake atavuna mawe," majirani walisema niliporudi kulima kwetu Pasiansi, kando ya ziwa. Leo nyanya zangu zinajaza matenga, na wao ndio wateja wangu. Nyanya tu, maua sipandi. Lakini kila ninapozipunguzia matawi, harufu ya majani yake hubaki vidoleni na kunirudisha kwenye bustani ya mama, aliyouzia nyanya za katikati na maua ya pembeni.

Waliotaka nyanya walipiga kelele tangu njiani: "Mama, leo usinipe zilizopondeka!" Waliotaka maua ya kuweka juu ya jeneza waliongea taratibu, na mama aliwauliza jambo moja tu: "Msiba wa nani?"

Asubuhi moja ziwa lilikuwa limetulia baada ya upepo wa usiku kucha. Baba alikuwa hajarudi kutoka kuvua. Mimi na mama tulikuwa tunafunga nyanya kwenye miti, wakaingia kina mama wa jirani bila hodi. Hawakutusalimia. Walikwenda moja kwa moja kwenye maua, wakaanza kuyakata.

"Jamani," mama akauliza, kamba ikiwa bado mkononi, "msiba wa nani?"

Hakuna aliyegeuka. Waliyakata yote.