Sifuri kwa Swali la Vumbi

Mwaka wangu wa tatu wa kufundisha jiografia kwenye sekondari moja ya mjini, pale Miyuji, nilipangiwa kidato cha kwanza, na mada ya mwanzo ilikuwa jinsi jua na sayari zilivyotokea. Watoto walikuwa wametoka shule za msingi wakisoma kwa Kiswahili, na sisi tulitakiwa tuwafundishe kwa Kiingereza kitupu. Nikawaeleza kwamba hapo kale palikuwa na wingu kubwa la gesi na vumbi, likajikusanya, katikati likashika joto likawa jua, na vumbi lililobaki likizunguka likagongana, likashikana, likawa mawe, kisha sayari. Dunia changa ilikuwa moto mtupu, miamba imeyeyuka kama uji, chuma kikazama hadi kwenye kiini. Nilipomaliza nyuso zote zilikuwa zimeganda. Nikafunga mlango, nikarudia kwa Kiswahili.

Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. Kwao ni kijijini Bahi, mjini alikuwa anakaa kwa shangazi yake, na tangu shule ifunguliwe sikuwa nimesikia sauti yake.

"Mwalimu, vumbi linagongana halafu linashikanaje? Sisi nyumbani majaruba ya mpunga yakikauka tunarushiana madonge ya udongo. Yakigongana yanapasuka. Sasa huko juu, kama yalikuwa yanakwenda kasi, si yangezidi kupasuka?"

Darasa likacheka. Mimi sikucheka. Nikasema ni nguvu ya mvutano.

"Hata kwa donge dogo, mwalimu?"

Kengele ikalia, na nakiri nilishukuru.

Kitabu chetu kilikuwa na sentensi moja tu: vumbi liligongana likaungana. Nikamuuliza mwalimu wa fizikia wakati wa chai. Akamalizia chapati yake kwanza. "Hao ni kidato cha kwanza, mwalimu. Wape noti waandike." Nikawapa noti, wakaandika.

Mtihani wa muhula ukafika. Nilikuwa nasahihisha ofisini, mwongozo wa majibu pembeni, na karatasi zilitakiwa siku ile ile. Ya yule binti ilianza na mistari miwili ya Kiingereza cha kujikongoja, halafu ikahamia Kiswahili: mimi naona vumbi likigongana kwa nguvu linavunjika, kwa hiyo lazima kuna kitu kingine kililikusanya kwanza. Mwongozo ulitaka "liligongana likaungana". Nikaandika sifuri. Nilijua ni karatasi ya nani, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Likizo nikaamua kulitafuta lile jibu. Nilisoma makala kwenye simu siku tatu, nyingine nikizielewa nusu. Vumbi laini kabisa kweli hushikana, kama linavyong'ang'ania kitana kilichotoka kuchana nywele. Lakini likishafikia ukubwa wa changarawe, vipande vikigongana vinadunda au vinavunjika. Wataalamu bado wanabishana vilipitaje hapo. Wengi wanadhani gesi ndiyo iliyovisukuma vikasongamana kama kundi la nzige, mpaka uzito wa kundi zima ukalivuta lenyewe kwa ndani. Niliweka simu chini. Mtoto wa miezi mitatu sekondari alikuwa ameona mahali wenye maabara zao walipokwama, na mimi nimempa sifuri.

Shule ilipofunguliwa nikaenda kwa mwalimu wa taaluma kuomba alama zibadilishwe.

"Matokeo wazazi wanayo," akasema. "Na huyu kaandika Kiswahili."

"Alichoandika ni sahihi."

"Sahihi kwa mwongozo upi?"

Nikamwonyesha simu. Hakuipokea. "Mwalimu, tukianza hivi kila mtu ataniletea karatasi yake." Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na ratiba ya shule nzima mezani na madarasa mawili hayana walimu. Nilitoka nimemkasirikia yeye, nimekikasirikia kitabu, na zaidi nafsi yangu.

Mapumziko nikamwita binti karibu na bomba la maji, nikamweleza yote. Alisikiliza mikono ikiwa nyuma.

"Kwa hiyo nilikuwa sawa?"

"Ulikuwa sawa. Jibu kamili hata wataalamu hawana."

"Na alama, mwalimu?"

"Zinabaki zile zile. Kosa ni langu."

Akatazama chini. "Shangazi ameshaniambia niache kuandika mambo yangu, niandike ya kwenye noti."

"Usiache."

"Haya, mwalimu," akajibu kwa adabu, akarudi kwa wenzake.

Mtihani wa mwisho wa mwaka swali lilikuwa lile lile. Aliandika kwa Kiingereza, neno kwa neno kama kitabu, kwamba vumbi liligongana likaungana. Nikampa alama zote; mwongozo haukuniachia nafasi nyingine. Nilimfundisha mwaka mwingine mzima baada ya hapo, na mkono wake sikuuona tena.