Shina la Mgomba Mbele ya Ghala la Pamba

Mwanangu, juzi nilikusikia pale uani ukibishana na wenzako kuhusu askari wanaokufa kwenye vita vya nchi ya watu. Mmoja anataka warudishwe kesho, mwingine anataka wabaki mpaka wamalize kazi. Mlipandisha sauti mpaka kuku wangu wakakimbia. Sikuwakatiza, maana mkutano wa namna hiyo nimeshaukaa, tena mume wangu akiwa huko huko vitani. Keti nikusimulie siku hiyo, bado naikumbuka.

Ilikuwa miaka ya ujamaa, nchi imeingia vitani na jirani zetu wa Uganda, nasi tunaishi kijijini upande wa Bunda. Nilikuwa mke mgeni, hata jiko la mama mkwe sijalizoea. Mume wangu Magesa alikuwa mgambo. Aliondoka na rafiki yake Masatu juu ya lori la kubebea pamba, kwenda Musoma, na kutoka huko kwenda mbele. Kijiji kizima kilitoka kuwasindikiza. Ngoma ilipigwa tangu asubuhi, wanawake tukapiga vigelegele, na mwenyekiti wa kijiji akasema hawa ni watoto wetu sote. Yalikuwa maneno matamu, nami niliyaamini.

Baadaye redio ikatangaza kuwa Kampala imetekwa. Tulicheza mpaka vumbi likatimka. Nilifua mashuka nikijua Magesa yuko njiani, lakini hakurudi. Adui alikimbilia kaskazini, askari wetu wakamfuata, na habari za vifo zikazidi kuingia, leo Butiama, kesho Manyamanyama. Halafu zikaingia kwa Nyamisi, mama yake Masatu, mjane ambaye mlango wake ulitazamana na wetu.

Mwenyekiti alimletea habari mwenyewe. Alimpa pole, kisha akamwomba alie taratibu, ndani, asije akawavunja moyo wenye watoto huko. Mwili, alisema, hautaletwa.

Sasa wewe umekulia mjini, nikueleze. Kijijini kwetu mtu akifa mbali, mwili usirudi, tulikata shina la mgomba, tukalifunga shuka, tukalizika kama mtu, ngoma inalia na watu wanalia. Bila hivyo marehemu hajafika kwao, na mama yake hatoki matangani. Nyamisi alinyimwa hayo. Alikaa ndani na msiba wake kana kwamba ni aibu. Nilimpelekea uji kila asubuhi, na nakwambia wazi, niliogopa kuingia mle. Niliona zamu inayofuata ni yangu.

Ndipo ukaitishwa mkutano mbele ya ghala la pamba, kuchagua vijana wengine wa kwenda na ng'ombe wa kuchangia jeshi. Mabishano yakawaka. Mzee mmoja mwenye ng'ombe wengi akasema inatosha, mji umeshatekwa, watoto warudi walime. Mwalimu wa shule akajibu kwamba tukiishia njiani waliotuvamia watarudi, na waliokufa watakuwa wamekufa bure. Wote wawili walimtaja Masatu, huyu kuzuia, yule kuhimiza. Mwenyekiti akapiga meza, akasema habari za wafu zisitajwe hadharani.

Nyamisi akatokea. Amebeba begani shina la mgomba lililofungwa shuka jeupe, na uzito umemwinamisha. Nikaenda nikalishika upande wa pili. Mama mkwe alinitolea macho, nikajifanya sijamwona. Tukalilaza mbele ya meza ya mwenyekiti.

"Sijaja kusema vita iishe, wala sijaja kusema iendelee," alisema bila kupaza sauti. "Masatu nilimruhusu mwenyewe, na kazi aliyoendea naijua. Lakini siku ya kuondoka alikuwaga mtoto wa kijiji. Leo amekufa, amekuwa wangu peke yangu? Mnamtaja tu mkitaka kushindana. Mzikeni kwanza. Mkimaliza kumlilia, ndo mchague mtoto wa nani anafuata."

Mwenyekiti akamwambia hayo watayazungumza ofisini. Nyamisi akaketi chini kando ya lile shina, akanyoosha miguu kama wafiwa wanavyokaa. Nami nikaketi. Mwanangu, nilitetemeka, mke mgeni nimekaa matangani katikati ya mkutano wa wanaume. Kisha mke wa mwenyekiti akatoka kwenye kundi la wanawake, akaketi nasi, na nyuma yake wakaja wengine mpaka wasemaji wakakosa wa kuwasikiliza. Mwalimu ndiye aliyekwenda kuleta ngoma, ile ile ya siku ya lori.

Tulimzika Masatu alasiri ile. Mwenyekiti alishika jembe, na alipotupa udongo akalia kwa sauti, yeye aliyekuwa amekataza.

Mkutano ulirudiwa siku nyingine. Vijana walikwenda, na ng'ombe walitoka. Lakini safari hii mwenyekiti alianza kwa kumtaja Masatu, kisha akaulizwa: hawa watarudi lini, habari zao ataleta nani, mashamba yao atalima nani. Alijibu aliyoyaweza, na asiyoyajua akasema hayajui. Lori lilipoondoka, mtoto wa kwanza wa mwenyekiti alikuwa juu yake.

Magesa wangu alirudi, amekonda sana. Kabla ya kuingia kwetu alipita kwa Nyamisi, akaonyeshwa kaburi.

"Mimi ndo nilimfunika kule," alisema. "Tulikuwa na haraka. Hakuna aliyelia."

Akapiga magoti pale penye mgomba, akalia, na Nyamisi akamshika mgongo mpaka alipomaliza.

Basi mwanangu, bishaneni, nami sitawazuia. Anayeuliza kwa nini watoto wanazidi kufa si msaliti. Anayesema kazi imalizwe si katili pia, na mimi mpaka leo nasema vita vile ilibidi tuvimalize. Ninachotaka kwako ni hiki: kabla hujamtaja marehemu katika ubishi wako, nenda kwao, ukae chini na mama yake. Anayehimiza wengine waende, muulize wa kwake yuko kwenye lori gani. Na mtu akimwambia mfiwa alie ndani, toka wewe ukakae naye nje, hata miguu ikitetemeka kama yangu.

Mungu akutangulie, mwanangu. Uendako urudi na miguu yako, na siku ukichelewa, wasikosekane watu wa kukuulizia kwa jina.