Safari ya Kuunyoosha Mkono wa Zuhura

Nilikwenda kwenye kisiwa kimoja cha delta kwa sababu mdogo wangu Hamisi, anayeishi huko, alinipigia simu akiniomba nikamtibu mwanawe. Mtoto hakuwa mgonjwa. Zuhura ana miaka saba, yuko darasa la kwanza, na alikuwa anaandika kwa mkono wa kushoto. Tangu wamkataze alikuwa amegoma kuandika, na ile ilikuwa wiki ya pili haendi shule kabisa.

"Wewe dada ulikuwa hivyohivyo, ukapona," alisema Hamisi. "Njoo utuonyeshe alivyofanya bibi."

Bibi yetu alikuwa akinifunga mkono wa kushoto kwa kipande cha kanga tangu asubuhi mpaka nilale. Shuleni walimu waliongeza fimbo za vidole. Nikapona. Leo nafundisha darasa la kwanza hapa Mchukwi, na wageni huusifu mwandiko wangu. Miaka yote hii nimekuwa nikiwahamishia watoto penseli kutoka kushoto kwenda kulia. Sijamchapa hata mmoja, kwa hiyo nilijihesabu mpole.

Ijumaa asubuhi niliomba ruhusa, nikapanda bodaboda mpaka Kibiti. Mkobani nilikuwa na kipande cha kanga kilichofuliwa mara nyingi, kilaini, kisije kikamuumiza mtoto.

Kutoka Kibiti nilipata gari la kupita Ruaruke, kisha pikipiki tena mpaka kwenye maji. Boti ilisubiri maji yajae. Wanawake walikuwa wamekaa nyuma, penye moshi wa mashine, na wanaume mbele, penye upepo. Nikamuuliza nahodha sababu.

"Ndivyo tunavyokaa, mama."

Nikakaa nyuma.

Alasiri, baada ya kupinda mara nyingi katikati ya mikoko, tulifika kisiwani. Hamisi hukata miti ya kujengea na mkewe Mwanaidi hukausha kamba wa kuuza. Walinipokea vizuri mno, kama anavyopokewa mganga. Zuhura alinipa shikamoo akaenda kukaa mlangoni. Wakati wa chakula nilimwangalia. Alikula kwa mkono wa kulia, bila shida, kama sisi sote.

Jumamosi asubuhi nilitoa kile kitambaa. Nilikuwa nimejiandaa kumbembeleza. Hakuhitaji kubembelezwa, alininyooshea mkono mwenyewe, akatazama pembeni. Nikamfunga mkono kiunoni, fundo moja, kisha nikaenda uani kumsaidia wifi yangu kupaa samaki. Nilichukua kisu, nikaanza kuondoa magamba. Zuhura alikuja kusimama mbele yangu. Alitazama muda mrefu.

"Shangazi, wewe anakufunga nani?"

Kisu kilikuwa mkono wa kushoto. Ndivyo nilivyopaa samaki maisha yangu yote. Jikoni bibi alinifungua nifanye kazi, hakuwa na habari na visu, na shuleni hawakufundisha samaki. Mwanaidi alicheka, akaona uso wangu, akaacha. Nilinawa mikono nikamfungua mtoto. Fundo lilinisumbua kidogo.

Saa kumi jioni mwalimu wa Zuhura, kijana mpole aliyepanga nyumba ya tatu kutoka pale, alikuja kunisalimu. Hamisi naye alikuwa amerudi kutoka kazini. Nikauliza ni nani aliyesema Zuhura akatazwe.

"Si mwalimu?" alisema Mwanaidi.

"Mimi niliambiwa na baba yake," alisema mwalimu. "Binafsi sikuona tatizo. Nilidhani nyinyi mnaliona."

Hamisi alijikuna shingo. "Mimi nilifuata anavyofanya dada kwa watoto wa Mchukwi. Nani anajua kuliko yeye?"

Wote watatu wakanitazama. Nikageuka kuona nyuma yangu kuna nani. Alikuwepo kuku.

"Basi mimi nasema aandike na mkono anaoutaka," nikasema.

"Na kula, wifi?" aliuliza Mwanaidi haraka.

"Kula atakula na wa kulia, kama dini ilivyotufunza, na anakula hivyo tayari. Penseli ni jambo jingine."

"Watu watasema," alisema Hamisi.

"Watasema."

Mwalimu alitoa daftari. Zuhura alitutazama mmoja mmoja, watu wazima wanne, kisha akashika penseli kwa mkono wa kushoto akaandika jina lake. Herufi zililala upande mmoja. Hamisi aliligeuza lile daftari huku na huku, akasema mbona linasomeka.

Jumapili nilirudi. Botini nilikwenda moja kwa moja kukaa nyuma, na moshi ulikuwa umeshaniingia puani kabla sijakumbuka kwamba mbele palikuwa na nafasi.

Njiani nilijiambia nimejifunza jambo: kwamba mtu anaweza kulibeba lile lililomuumiza na kuwapelekea wengine, akaitwa mtaalamu. Nililiona ni somo zuri na nikashuka Mchukwi nimeridhika.

Jumatatu niliingia darasani. Nilipopita kati ya madawati, msichana mmoja wa safu ya pili aliniona nakuja, akahamisha penseli kutoka kushoto kwenda kulia kabla sijafungua mdomo. Sikuwa najua kwamba naye ni wa mkono wa kushoto.

"Irudishe," nikamwambia. "Andika na ule mwingine."

Alinitazama usoni kuona kama namtega. Kisha akaiweka penseli mezani, katikati ya mikono miwili, akasubiri niondoke.