Safari ya Bahari Iliyoishia Kabuku

Harufu ya makapi ya mkonge, ile chachu inayokaba koo, wageni ninaowatembeza huifungia vioo vya gari. Mimi hunipandisha hasira ya tangu utotoni.

Hebu nisikilizeni. Shule niliishia darasa la nne, na leo nina magari matatu. Asubuhi mgeni namwonyesha msitu wa Usambara, jioni anakanyaga mchanga wa Pangani. Siku moja tu. Sasa mnieleze baba yangu alishindwaje kwa siku nne.

Nilikuwa na miaka kumi. Kwetu Bungu ukungu, misitu na vilima vilinitosha mpaka vikanichosha; nilichotaka ni bahari. Baba akaahidi kunipeleka. Shuleni nilimtambia kila mtu kwamba nitarudi na maji yake kwenye chupa.

Tukateremka na kikapu cha iliki. Kufika Korogwe, badala ya kupanda basi la Tanga, baba akanigeuza hadi Ngombezi, wala si njiani, kumsalimu shangazi aliyefanya kazi kiwanda cha mkonge. Tukalala siku mbili. Nilinuna, nikasusa hata ugali.

"Kula, baba," shangazi aliniambia akicheka. "Bahari haihami."

Pale Segera njia inagawanyika. Ya Tanga naiona kwa macho yangu, kushoto. Baba akashika ya Kabuku, kwa rafiki yake Mzigua mwenye duka.

"Nyie Wasambaa mkishuka mlimani mnapotea," yule mzee alimtania. "Bahari iko kule."

"Mtu hapiti mlango wa nduguye kama mbuzi," baba akajibu. Sentensi hiyo nilikuwa nimeichoka tangu Korogwe. Siku mbili nyingine wakaongea, mimi nikikaa juu ya gunia la mahindi na chupa yangu kavu. Kisha tukarudi nyumbani. Wenzangu wakaniita Baharia mpaka naacha shule.

Mwaka uliofuata baba alifariki. Shangazi akanichukua, akanilea. Nilipopata nguvu za kubeba gunia, yule mzee wa Kabuku akanisimamisha dukani kwake, akanifundisha biashara. Hakuna aliyeuliza huyu mtoto wa nani.

Watu husema nimejijenga mwenyewe, na mimi huwaacha waseme. Nilikuwa nimeshanunua gari la kwanza ndipo shangazi akanieleza kwamba wakati wa safari ile baba alikuwa mgonjwa, na alishajua hatapona.

Angeniambia tu. Nisingemnunia njia nzima.