Betri ya Ndugu Meneja

Kwa miaka mitano nililisha umeme gari lililotoka ghalani mara mbili tu kwa mwaka.

Sitanii. Lilikuwa gari la spoti, jekundu, milango miwili, limelala chini ya magunia kwenye shamba la mkonge, bara ya Mitwero, nusu siku kwa miguu mpaka barabara kuu. Kijiji hakikujua kama lipo. Tuliojua ni mimi na Meneja.

Mjukuu wangu ndiye anayebonyeza simu hapa, mimi nasema tu. Nimemwambia asipunguze neno, hata pale ninapoonekana mjinga.

Naitwa Fakihi. Baada ya Azimio la Arusha shamba letu lilitaifishwa, mzungu akaenda zake, tukaletewa meneja wetu wenyewe, Ndugu Bonaventura. Mtu wa maneno huyo. Akisimama kuwasema mabepari, hata wenye usingizi walikuwa wanaamka.

Mimi nilikuwa fundi umeme wa shamba. Jenereta ilikuwa mikononi mwangu, na viraka viwili vilikuwa makalioni.

Siku moja, mwaka sabini, aliniita ghalani akafunua magunia.

"Fakihi, wewe ni mtoto wa mwalimu wa chuo cha Kurani. Amana unaijua?"

"Naijua, Ndugu Meneja."

"Basi hii ni amana. Kuna mtu kaniachia. Betri ikikaa bure inakufa, kwa hiyo kila jenereta ikiwaka wewe unaichaji. Hufungui kitu, hutoi kitu, humwambii mtu."

Akanipa chaja ndogo, ya kutia moto polepole. Akanipa na karatasi ya Kiingereza, lugha nisiyoijua, nitie sahihi kwamba nimeipokea. Nikatia. Kisha akatoa msahafu, yeye Mkristo wa watu, sijui aliuokota wapi, akaniapisha.

Nikawa yaya wa gari. Kibanio chekundu kwenye chanya, cheusi kwenye hasi, naongeza maji ya betri, nafunika, nafunga kufuli. Mara moja moja alfajiri Meneja alikuwa analitoa, anasema analinyoosha viungo kwa niaba ya mwenyewe. Nikaamini. Mtu akishaamua kuamini, haulizi.

Mwaka 1974 watu wakahamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, shamba likazungukwa na vibanda. Kaya mia tatu, zahanati moja, Landrova moja. Landrova yenyewe betri imechoka, isipochajiwa kila baada ya siku mbili haiamki. Na chaja ni ile ile moja. Nikawa nagawa zamu kimya kimya.

Mwaka huo mke wangu Mwahija alikuwa na mimba. Ya kwanza, baada ya miaka sita ya kutafuta. Miaka sita, jamani. Mama yake kule Nyangamara alishaanza kuniita jina ambalo sitamwambia mjukuu aliandike.

Wiki aliyokuwa anakaribia kujifungua, Meneja akawa anakwenda mkutanoni Mtwara.

"Chaja isitoke kwenye spoti mpaka nirudi," akasema. "Jumapili nina safari nalo."

Nikatii.

Alhamisi asubuhi uchungu ukamshika Mwahija. Saa sita mchana Stefania, mkunga wa zahanati, akatoka nje akifuta mikono.

"Kaka Fakihi, mtoto amelala vibaya. Mimi hapa sina la kufanya. Mpeleke Lindi, na iwe sasa hivi."

Tukaisukuma Landrova, wanaume kumi na wawili, mpaka mteremko ukatuishia. Kimya. Betri ilikuwa imekufa kabisa, hata cheche haitoki.

Nikodemo, dereva, akanigeukia. "Fundi, hakuna betri nyingine hapa shambani?"

Ufunguo wa ghala ulikuwa mfukoni mwangu. Betri ya spoti imejaa pomoni. Nati mbili za kulegeza, baada ya dakika kumi tuko njiani.

Nilikwenda. Wallahi nilikwenda. Nilifunua magunia, nikashika spana, nikaitia kwenye nati ya kwanza.

Mkono ukagoma. Nikamkumbuka marehemu baba anavyotusomesha habari za anayekula amana. Nikajiambia, mtoto huyu nimemwomba Mungu miaka sita, leo nimpokee kwa mali ya mtu na kiapo cha uongo? Nikarudisha magunia. Nikafunga kufuli.

"Hakuna," nikamwambia Nikodemo.

Tukambeba Mwahija kwenye kitanda cha kamba, jua la utosi, mpaka barabara kuu. Saa kumi na mbili ndipo lori la korosho lilipotupata. Lindi walimwokoa yeye. Mtoto, wa kiume, nilikabidhiwa kafungwa ndani ya shuka.

Baada ya arobaini nilimwuliza shehe wetu kwa mafumbo.

"Dharura huhalalisha hata nyamafu," akanijibu. "Huyo mtu angechukua tu, akamwambia mwenyewe baadaye. Kwani hakusoma?"

Alisoma. Siku aliyoihitaji elimu hakuiona.

Mwahija sikumwambia kitu.

Mwaka uliofuata mtu akapeleka barua ya siri Lindi. Wakaja wakaguzi watatu, wakafungua ghala, wakalisukuma spoti mpaka uwanja wa mikutano. Kijiji kizima kikajaa. Miiko ya uongozi ilikuwa haimruhusu kiongozi kujilimbikizia mali, nikajua leo Meneja kaumbuka.

Ndugu Bonaventura hakutoka hata jasho.

"Gari si langu," akasema. "Someni kadi."

Mkaguzi akasoma kwa sauti. Mwenye gari: Fakihi Huseni Likwata. Na sahihi yangu chini, ya mwaka sabini. Ile karatasi ya Kiingereza niliyodhani ni ya kupokea chaja.

Watu wakacheka. Halafu wakaacha kucheka, wakaanza kuniita kupe. Nilijitetea mpaka sauti ikakauka, lakini nani atamsikiliza mtu aliyetia sahihi mwenyewe? Kazi nikaipoteza siku hiyo hiyo. Meneja alipigiwa makofi.

Yote hayo nilikuwa nayasikia kwa mbali. Macho yangu yalikuwa kwa Mwahija. Alitoka upande wa wanawake, akaja mpaka mbele yangu.

"Hili gari ni lako?"

"Kwa karatasi tu. Mimi nilikuwa sijui."

"Siku ile betri yake ilikuwa na moto?"

"Ilikuwa nao."

"Ufunguo wa ghala alikuwa nao nani?"

"Mimi."

Hakunitukana. Alikwenda nyumbani, akafunga kanga zake, akashika njia ya Nyangamara. Talaka alipoidai nilimpa, maana sikuwa na uso wa kukataa. Mjukuu huyu ni wa mke niliyemwoa baadaye.

Miaka mingi nilijisifu moyoni kwamba siku ile nilimwogopa Mungu. Uongo. Nilimwogopa meneja, Mungu nikamfanya kisingizio.

Wewe unayesoma, usilinde kitu cha mkubwa kabla hujajua ni cha nani. Na roho ya mtu ikikungoja, vunja kufuli kwanza, dhambi utazihesabu baadaye. Dini yenyewe imekuwekea njia. Kafara ya kuvunja kiapo ni kulisha maskini kumi, asiyeweza anafunga siku tatu.

Ningefunga siku tatu, na leo ningekuwa na mwanangu.